Vireo si wingi wa kireo: jina la ndege mdogo wa Marekani lilikotoka

Mwezi wa tano mpwa wangu anayeishi Columbus, jimbo la Ohio, alinitumia sauti kwa WhatsApp. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya kandege kalikojificha juu kabisa ya mti ulioko nyuma ya nyumba wanayopanga. Kalikuwa kanapiga vifungu vifupi vya noti mbili tatu, kananyamaza kidogo, kanapiga tena. Ilipita dakika nzima ndipo akaingia mwenyewe: "Shikamoo mjomba. Huyu ndege hajanyamaza tangu alfajiri. Programu ya simu inasema ni vireo. Sasa vireo ni nini? Wingi wa kireo?"

Swali lake ni la haki kabisa. Sikio la Mswahili likisikia neno linaloanza na vi- hutafuta umoja wake: viti, kiti, visima, kisima. Nilipowatajia jina hilo watu wengine wawili, mmoja alisikia vileo, na wa pili akauliza kama lina undugu na virusi. Juu ya hayo kuna habari iliyozunguka tangu Novemba 2023, kwamba Wamarekani wameamua kubadilisha majina ya ndege wao. Wengi waliipokea nusunusu, wakadhani ndege wote wanapewa majina mapya, pamoja na yale ya kisayansi. Basi nimeona niandike kwa utaratibu, kwa sababu jina la ndege huyu mmoja linafungua mambo mengi kuhusu namna ndege wanavyopewa majina.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Vireo ni neno lisilo na umoja wala wingi wa Kiswahili. Ni vireo mmoja na vireo kumi, kama tunavyosema simba mmoja na simba kumi. Ni ndege wadogo wa Amerika, kuanzia Kanada hadi Argentina, pamoja na visiwa vya Karibi. Jenasi ya Vireo, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ina spishi zaidi ya 30. Yule wa mpwa wangu ni vireo mwenye macho mekundu. Ana urefu wa sentimita 12 au 13 na uzito wa gramu 17 hivi, sawa na vijiko vinne vya chai vya sukari. Mgongoni ni kijani kilichofifia, kama zeituni. Tumboni ni mweupe. Kichwani ana kofia ya kijivu, na juu ya jicho msitari mweupe uliopakana na mweusi. Jicho lenyewe ni jekundu, lakini kwa ndege mzima tu. Kinda wa mwaka huohuo ana jicho la kahawia, kwa hiyo kuna miezi ambayo jina lake halimhusu.

Vireo wamo katika kundi la ndege waimbaji, kundi kubwa linalobeba karibu nusu ya spishi zote za ndege duniani. Jina la kundi hilo lisikupoteze. Linahusu namna kiungo cha sauti kilivyoundwa, chini ya koo pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Halihusu utamu wa wimbo, na ndiyo maana kunguru naye ni ndege mwimbaji kwa hesabu ya wataalamu.

Vireo mwenye macho mekundu, hata hivyo, anaimba kwelikweli. Mwaka 1952, huko Ontario nchini Kanada, mwandishi na mtazamaji wa ndege Louise de Kiriline Lawrence alikaa siku nzima akihesabu nyimbo za dume mmoja, tangu giza la alfajiri hadi ndege alipokwenda kulala. Alipata 22,197. Kila kifungu kifupi kinahesabiwa wimbo mmoja, na bado hesabu hiyo inashangaza. Sisi tunasema mtu mwenye maneno mengi anaongea kama chiriku. Wamarekani wa zamani walimwita vireo huyu mhubiri, kwa sababu husema kidogo, hutua kana kwamba anangoja waumini waitikie, kisha huendelea, na mahubiri hayaishi.

Sasa jina. Limetoka Kilatini, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi. Warumi walikuwa na kitenzi virere. Kamusi huandika "kuwa kijani", lakini maana yake ilikuwa pana kuliko rangi: kuwa kibichi, kustawi, kuwa na maji ya uhai ndani. Sisi tunaposema kijani kibichi tunayaweka yote mawili mahali pamoja. Kijani kimetoka kwenye jani. Kibichi ni kile ambacho hakijakauka, hakijaiva wala hakijapikwa, kama kuni mbichi au ndizi mbichi. Ukitazama shamba la mahindi wiki mbili baada ya mvua nzuri, unachokiona ndicho Mrumi alichokiita virere.

Mzizi huo haukukaa Roma. Ulizaa kivumishi viridis, kikawa vert kwa Kifaransa na verde kwa Kihispania na Kireno. Cape Verde, nchi ya visiwa tunayoifahamu zaidi kwa mpira, imebeba neno hilohilo: Rasi ya Kijani, jina lililochukuliwa kutoka rasi iliyoko pwani ya Senegal. Virusi hawamo katika ukoo huu. Neno virusi limetoka neno jingine la Kilatini lililomaanisha sumu, na kufanana kwa herufi tatu za mwanzo ni sadfa tu.

Kuna maelezo yanayorudiwa sana kwamba vireo maana yake ni "mimi ni kijani". Hayakutoka hewani. Kitenzi virere kikisemwa na nafsi ya kwanza umoja huwa vireo hasa. Ila Kilatini kilikuwa pia na nomino vireo, jina la ndege, na Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alimtaja ndege huyo. Ushahidi kwamba jina letu ni nomino na si sentensi umo katika jina la familia yao: Vireonidae. Ile -on- ya katikati hutokea nomino hiyo inaponyambuliwa, vireo, vireonis, na kitenzi hakina. Ndege hasemi chochote kuhusu nafsi yake; ameitwa tu, kama sisi tunavyomwita mtu Mweusi au Kijana.

Lakini Pliny aliishi Italia, na vireo wa leo hawajawahi kuwa wakazi wa Ulaya. Ndege wa Pliny alikuwa mwingine. Wapo wanaomdhania kuwa ndege mla-mbegu wa kijani anayeonekana sana bustanini Ulaya, na wapo wanaosema ni jike la ndege wa manjano anayefika kule majira ya joto. Vyovyote iwavyo, jina lilivuka bahari bila mwenyewe.

Aliyelivusha ni Mfaransa, Louis Pierre Vieillot. Alikuwa akiishi katika koloni la Ufaransa lililokuja kuwa Haiti, mapinduzi yalipomfanya akimbilie Marekani miaka ya 1790. Huko alichunguza ndege wa nchi ambayo wataalamu wengi wa Ulaya waliijua kwa ngozi zilizokaushwa na kutumwa kwa meli. Katika kitabu chake kuhusu ndege wa Amerika ya Kaskazini, mwaka 1808, alianzisha jenasi mpya na kuiita Vireo. Alihitaji jina kwa ndege wadogo wa kijani, akachukua jina la Kirumi la ndege mdogo wa kijani ambalo halikuwa likitumika.

Msomaji asimwone Vieillot kuwa mzembe. Sisi tunafanya hivyohivyo kila siku. Bata mzinga si bata; ni ndege aliyeletwa kutoka Amerika, na waliomwona mara ya kwanza walimpa jina la ndege mkubwa wa kufugwa waliyekwisha kumjua. Mahindi nayo asili yake ni Meksiko, lakini jina lake kwetu linaelekeza India. Mtu akikutana na kitu kigeni hufungua kwanza kabati la maneno aliyonayo.

Tena kazi ya Vieillot ilikuwa marekebisho ya kosa. Mwaka 1766 Linnaeus, Msweden aliyeweka utaratibu wa majina mawili ya kisayansi, alikuwa amemwita vireo mwenye macho mekundu Muscicapa olivacea: mkamata-nzi wa rangi ya zeituni. Rangi aliipata. Tabia aliikosa, kwani vireo si ndege wa kuruka na kudaka nzi hewani. Hutembea polepole kati ya matawi, hugeuza kichwa huku na huku akikagua uvungu wa majani, kisha hunyaka kiwavi mahali alipojificha. Akipata mkubwa humkandamiza kwa mguu na kumgonga kwa mdomo hadi atulie. Alipohamishiwa jenasi ya Vieillot akawa Vireo olivaceus, na ukilifasiri jina hilo neno kwa neno linasema kijani mara mbili.

Na kweli wote ni kijani? Hapana. Kuna vireo wa kijivu wa jangwa la kusini magharibi ya Marekani. Kuna aliyepewa jina la rangi ya risasi. Kuna wa Texas, Oklahoma na Meksiko ambaye dume lake lina kichwa cheusi kama limevikwa kofia. Kuna mwenye macho meupe aitwaye Vireo griseus, kijani cha kijivu, jina linalojipinga lenyewe. Jina la ukoo lilitolewa kwa kutazama wachache, likawafunika na wasiolistahili. Familia nyingi za watu zimepata majina yao kwa njia hiyo.

Hapa inafaa nikae kidogo kwenye rangi yenyewe, kwa sababu ndiyo sehemu inayonigusa zaidi. Ndege wengi tunaowaona kijani hawana chembe ya rangi ya kijani katika manyoya yao. Kijani cha vireo ni mchanganyiko: juu kuna manjano, chini yake weusi. Chukua rangi ya maji ya manjano, tia masizi kidogo ya chungu, koroga. Utapata kijani cha zeituni bila kugusa kopo la kijani. Ule weusi ndege huutengeneza mwilini mwake. Manjano hawezi kuyatengeneza kutoka sifuri. Asili yake ni chakula. Mimea ndiyo inayotengeneza malighafi hiyo. Kiwavi hula jani, vireo hula kiwavi, na kitu kilichokuwa ndani ya jani huishia kwenye unyoya. Warumi hawakulijua hilo, wala Vieillot. Walitoa jina kwa jicho tu, na jina likaangukia mahali pake.

Wanaosema vireo hula wadudu tu nao wamesema nusu. Majira ya joto, wakati wa kulisha makinda, ni mla-viwavi hasa. Kipupwe kinapokaribia, vireo mwenye macho mekundu huacha Ohio na Kanada akaenda hadi bonde la Amazon, na kule hula matunda kwa sehemu kubwa. Gramu zile 17 huvuka Ghuba ya Meksiko zikienda na kurudi kila mwaka.

Mkanganyiko mwingine unawapata hata Wamarekani wenyewe. Juu ya miti ileile kuna ndege wengine wadogo, wala-wadudu, wengi wenye kijani na manjano, ambao Kiingereza huwaita wabla, familia ya Parulidae. Jina wabla lina maana ya anayeimba kwa kutetemesha sauti. Lilitoka kwa ndege wa Ulaya ambao hawana undugu wa karibu na hawa. Walowezi waliona wadogo wenye midomo myembamba, wakawapa jina la nyumbani. Wengi wao hata hawatetemeshi sauti, bali hutoa mlio mkavu kama wa mdudu. Parula, neno lililo ndani ya jina Parulidae, nalo ni udogo wa parus, jina la Kilatini la ndege mwingine wa Ulaya. Kwa hiyo familia mbili za ndege wa Amerika zinaishi chini ya majina ya ndege wa Ulaya, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuulizwa.

Ukitaka kuwatofautisha, tazama mdomo. Wa wabla ni kama sindano. Wa vireo ni mnene, na nchani kabisa una kulabu ndogo inayoinama chini. Kulabu hiyo ilikuwa ikisema siri ya ukoo wake muda mrefu kabla ya watu kuisikia. Vitabu vya zamani viliwaweka vireo jirani na wabla kwa sababu ya kufanana. Miaka ya 1980 wataalamu wa ndege wa Marekani Charles Sibley na Jon Ahlquist walilinganisha DNA zao wakakuta jambo jingine: vireo wako upande wa kunguru na mbwigu, yule ndege anayetundika panzi kwenye miiba. Baadaye wakagunduliwa jamaa zao Asia, ndege waliokuwa wamewekwa katika familia nyingine kabisa. Hivyo hata sentensi "vireo ni familia ya Amerika" sasa inahitaji kurekebishwa: jenasi ni ya Amerika, familia ina tawi Asia.

Majina ya mahali yana upotevu wake. Mwaka 1851 mtaalamu wa ndege wa Marekani, John Cassin, alimwita mmoja vireo wa Philadelphia, kwa kuwa aliyempata alikamatwa karibu na mji huo. Ndege huyo hazalii huko. Anazaa zaidi misitu ya Kanada, na Philadelphia alikuwa msafiri aliyetua kupumzika. Ni kama mgeni ashuke basi Chalinze kununua maji, kisha aitwe Mchalinze maisha yake yote.

Hapo ndipo inapoingia ile habari ya 2023. Tarehe 1 Novemba mwaka huo, Jumuiya ya Wataalamu wa Ndege ya Marekani ilitangaza kwamba itabadilisha majina ya Kiingereza ya ndege wote walio chini ya mamlaka yake ambao wamepewa majina ya watu, ikianza na spishi 70 hadi 80 za Marekani na Kanada. Kati ya vireo wamo watatu wanaojulikana sana: wa Bell, wa Cassin na wa Hutton. Sababu ilikuwa mbili. Baadhi ya watu hao walikuwa na historia mbaya. Tayari mwaka 2020 ndege mmoja wa nyikani alikuwa ameondolewa jina la McCown, aliyekuwa jenerali wa upande uliopigania utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Na badala ya kukaa kumpima kila marehemu mmoja mmoja, jumuiya iliona ndege apewe jina linalomweleza yeye.

Yasiyobadilika ni haya. Majina ya kisayansi yanabaki, kwa kuwa yanasimamiwa na kanuni za kimataifa ambazo jumuiya hiyo haina mamlaka nazo. Vireo wa Bell akipewa jina lolote la Kiingereza ataendelea kuwa Vireo bellii. Ulinzi wa kisheria wa jamii yake ya California, iliyoingizwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1986, hautaguswa, maana orodha hiyo ina jina la kisayansi. Wala uamuzi huo haufiki kwetu. Kasuku mdogo wa Fischer wa Tanzania, aliyepewa jina la mpelelezi Mjerumani wa karne ya 19, yuko nje ya eneo lao. Kama tunataka kulizungumza jina lake, hilo ni letu wenyewe.

John Graham Bell, mwenye vireo huyo, alikuwa fundi wa kukausha na kujaza ngozi za ndege. Aliandamana na mchoraji mashuhuri wa ndege, Audubon, kupanda mto Missouri mwaka 1843, na Audubon akampa ndege kama shukrani. Baadaye, akiwa na duka New York, alimfundisha ufundi huo kijana mmoja aitwaye Theodore Roosevelt, ambaye mwaka 1909, akiwa ametoka tu kwenye urais, alishuka Mombasa na msafara wa kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Nayasema haya kwa sababu nadhani historia ya namna hii inastahili kuandikwa na kusomwa. Lakini sioni kwamba lazima ndege aibebe. Ukisema vireo wa Bell kwa mtoto aliyesimama chini ya mti, hujamsaidia kumwona.

Jina la rangi humsaidia kidogo. Jina la sauti humsaidia zaidi, na watu wanaoishi na ndege mara nyingi huanzia hapo. Jamaica humwita vireo wao mmoja John-to-whit. Tamka haraka utausikia wimbo. Puerto Rico, vireo wa kisiwa hicho huitwa bien-te-veo, maana yake nakuona vizuri, kwa sababu ndivyo anavyosikika kwa sikio la Kihispania. Nasi tuna kwarara na tetere, ambao ukiwataja umekwisha kuwaiga.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya kwa simu, siku mbili tofauti. Alinisikiliza vizuri, hasa pale pa jani, kiwavi na unyoya. Kisha akaniambia kwamba binti yake wa miaka minne alikwisha kumpa ndege jina, siku ileile ya kwanza. Nikarudia ile sauti ya WhatsApp, kifungu kinachopanda, kimya, kifungu kinachoshuka, nikamsikia alivyomsikia mtoto.

Upo? Nipo. Upo? Nipo.

Nyumbani kwao Columbus anaitwa Upo-nipo.